Uso ya Mama ku Dakika ya Tatu

Kitshanga, siku ya ine

Kaka yangu Thierry,

Pokea salamu yangu popote hii barua itakukuta, ukiwa umekaa ao umesimama, mikono safi ao ya udongo. Mwili iko namna gani? Ile mugongo yenye ilikuwa inakusumbua ilipona? Unakula vizuri, ao ni ile mihogo na chumvi kila siku? Hapa kwetu tunapumua. Mama iko muzima, magoti tu njo yanamusumbua akipanda mulima. Maharagi yamekomaa, viazi tulishakula vya kwanza, mbuzi alizaa mapacha na moja akakufa. Majirani wote wanakusalimia. Hapana, wacha niseme ukweli, majirani hawakusalimie. Wanaamini ulishakufa.

Na njo hapo nitaanzia, juu sitaweza kukaa na hii neno mu kifua mupaka ku ukurasa wa pili. Siku ya Mungu, ile ya kanisa, si hii yenye inakuja, ile yenye itafuata, Mama atafanya kilio yako. Ndiyo, kaka, kilio! Watu watakaa chini mu lupango yetu, hapa mu kiwanja, korali itaimba, Mupasta atasema maneno muzuri juu ya tabia yako (sijui atayatoa wapi), na baba mudogo atapewa lile shamba lenye Papa alikuachia kule juu ya muto. Alishaanza kulipima na miguu. Wewe uko hai, uko Walikale unachimba mawe, na huku wanakushonea vikwembe vya kilio vya rangi moja.

Damien, ule motari wa pikipiki mwenye anapelekaka chumvi na sabuni huko kwenu, ataondoka leo saa nane. Alisema ataningojea, lakini unamujua Damien, kungoja kwake ni kupiga honi tatu na kwenda. Ile namba ya rafiki yako yenye uliniachia haipite tangu miezi mitatu. Kwa hiyo usiangalie mwandiko, mukono unakimbia, na mimi mwenyewe sijui kukaa ku kiti tangu asubui. Naandika mustari mbili, nasimama, naenda kuangalia inje, narudia.

Ili uelewe kilio imetoka wapi, lazima nikuelezee kwanza kazi yangu, juu wewe uliniacha nauzisha mikate mu kambi ya wakimbizi. Leo napiga klipu. Klipu za nyimbo, za korali, za ndoa, za kila muntu mwenye anajua kufungua kinywa. Usicheke. Nilifanya formation, masomo ya kamera, miezi mitatu ku Goma kwa muntu moja anaitwa Bwana Émile, mwembamba, miwani inaanguka ku pua, muntu wa kuangalia klipu sawa munganga anaangalia damu. Alikuwa anazima sauti kabisa, anatuonesha picha tu, halafu anatuuliza ni wimbo ya namna gani. Na tulikuwa tunajua! Kila mara! Majani ya kijani, watu mustari mbili, mikono juu: ni ya kanisa. Gari ya kuazima, miwani nyeusi, mwanamuke anashuka ngazi: ni ya mapendo. Vijana kumi wamejazana mu kichochoro, wote wanaonesha kidole kamera sawa wanaidai kitu: ni rap. Anasema basi, haya ni makubaliano. Hakuna muntu aliyatia saini, hakuna karatasi, lakini muzaliwa wa Masisi na wa Kinshasa wote wanayafuata, na mwenye kuangalia asipoyaona anasikia sawa wamemudanganya.

Alitufundisha tena kama picha na neno ya wimbo vinaweza kuishi pamoja kwa njia tatu. Picha inaweza kufuata neno: umeimba mvua, unaonesha mvua. Inaweza kuongeza kitu yenye neno haikusema. Ao inaweza kubishana na neno, umeimba furaha na unaonesha nyumba yenye imeungua. Alisema wengi wetu tutabakia mu ile ya kwanza mupaka kufa, juu ni nyepesi na mwenye wimbo anaipenda. Mimi niliumia. Nilijiapisha ndani ya moyo kama mimi sitabakia pale.

Na kulikuwa somo lingine lenye lilinichoma zaidi, la macho. Nani anaangalia, na nani anaangaliwa. Bwana Émile alitupa klipu moja ya mapendo, akatuomba tuhesabu. Ule mwanaume mwenye kuimba alikuwa na uso yake mu picha mara makumi tatu na moja. Wale wabinti sita wenye kucheza, wote pamoja, walikuwa na kichwa mara ine tu. Mara ingine yote ni bega, kiuno, muguu, sawa nyama ku soko. Kaka, nilisimama mu darasa nikasema kama huu ni wizi, kama muntu hawezi kukamata mwili ya mwenzake akaitumia bila yeye kujua anaitumia namna gani. Nilipiga kelele mupaka wakaniita Mama Députée, sawa mubunge. Weka hii neno mu akili ukiwa unasoma, juu mimi njo nilisema ile, na kinywa hii yangu.

Basi, mwaka huu kisha mavuno, Papa Akilimali, kiongozi wa korali yetu, alikuja kuniona. Walikuwa na wimbo mupya. Inaongea na muntu mwenye alienda mbali, inamwambia arudie, mulango haifungwe, sahani yake ingali pa meza. Wimbo muzuri, siwezi kubisha, na hapa kwetu ni nani hana muntu mwenye alienda? Vita ilitutawanya sawa maharagi yenye imemwangika. Papa Akilimali alitaka klipu, na alishajua yote: watapanda Kirolirwe mu malisho ya Papa Sebarenzi, watavaa kikwembe ya kijani, watapiga hatua mbili kushoto na mbili kuume, na kila mara neno "mbingu" inapita, mikono juu. Nilimuuliza kama neno "moyo" inapita, watafanya nini. Alinionesha, mukono ku kifua, bila kucheka. Nikamuambia Papa, kikwembe ya kijani mu majani ya kijani, nitaona vichwa tu vinaogelea! Hapo akacheka kidogo, na wakachagua njano.

Tulienda kule siku mbili. Siku ya kwanza nilifanya vile wanapenda, kila muntu nikamupa uso yake kidogo, hata wale wa mustari wa nyuma, juu nilikuwa nakumbuka hesabu ya Goma. Ng'ombe za Papa Sebarenzi ziliingia mu picha mara tano na zikatoka zenyewe. Walikuwa wanaimba bila sauti, midomo tu inafuata redio, na mutoto moja wa muchungaji alikuwa analia machozi kwa kucheka, asema watu wazima wote hawa wanafanya sawa samaki. Ilikuwa siku muzuri.

Lakini mimi nilikuwa nataka hadithi ndani. Niliwaambia wimbo inasema rudia, basi tuoneshe muntu anarudia. Mama moja mu lango ya jikoni ya Papa Sebarenzi, kijana moja anapanda mulima. Papa Akilimali akasema Mama yetu sisi njo atafaa, iko mu korali, mustari wa nyuma, na uso yake inaongea. Kijana atakuwa mwalimu Trésor, anafundisha darasa la ine, murefu sawa wewe, mabega sawa yako. Mama alikubali bila shida. Nilimuuliza kama haitamuumiza juu yako. Alisema hapana, ni ya Mungu, na tena atapata kuona namna binti yake anafanya kazi.

Sasa kaka, unajua Mama. Mama hajui kufanya uwongo. Siku ya pili nilimuambia aangalie njia, aone kijana, afurahi. Aliangalia njia sawa anangojea muntu wa kodi. Mara ya pili alifurahi mbele Trésor hajatokea. Mara ya tatu alisimama akamuuliza Trésor kama viatu hazimuumize. Mara ya ine alitembea pole pole na mikono imefungwa, sawa anaenda kusoma Zaburi mbele ya watu. Tulicheka mara ya ine, mara ya tano hatukucheka. Mara ya saba watu wa korali walishaanza kukunja vitambaa, jua inashuka nyuma ya mulima, betri inaonesha mustari mwekundu. Na mimi bila ile uso ya karibu, ile wanaita gro plan, sikuwa na klipu. Nilikuwa na watu wa njano mu majani, basi. Kitu yenye kila korali kutoka hapa mupaka Sake ilishafanya.

Mara ya nane, alifanya. Nitakuambia kisha namna gani alifanya, wacha kwanza nikuambie kitu yenye inaonekana. Ku dakika ya tatu ya wimbo, Mama anatoka jikoni anakimbia. Mama na magoti yale! Kitambaa ya kichwa inaanguka, haiokote. Iko na kibuyu ya maji mu mukono. Anajaza kinywa, anafika mbele ya Trésor, anamupulizia ile maji ku kifua, fuu, anamuwekea kiganja hapo hapo, na uso yake, kaka… Nimetafuta neno tangu ile siku na sijaipata. Ninaweza kusema tu kama Mama alikuwa na miaka makumi mbili.

Unakumbuka ile maji. Bibi alitufasiria sisi wote wawili tukiwa tunatoa maharagi mu maganda. Kwao Walikale, upande wa Mama, mutoto mwenye alipotea mbali sana akirudia, mama yake anamupulizia maji ya kwanza ku kifua ili roho yake nayo iingie nyumbani, isibakie mu pori. Na Bibi alisema mama anaitoa mara moja tu kwa kila mutoto. Akishaitoa, hana ingine. Mimi sikuomba ile maji. Haikuwa mu mpango. Trésor mwenyewe aliganda sawa muti, shati imelowa, hajui aangalie wapi.

Mupasta alipoona ile picha akaniomba niikate, asema ni mambo ya wazee, haiko ya kuweka mu wimbo ya kanisa. Nilibishana naye saa nzima. Nilimutolea masomo yote ya Bwana Émile, nikamuambia wimbo inasema rudia tu, haisemi kama muntu anapokelewa namna gani, hapo picha inaongeza. Nilisema vizuri sana. Papa Akilimali akasimama upande wangu. Picha ikabakia.

Na klipu ikatembea, kaka, ikatembea kuliko miguu! Wale wenye kupakia nyimbo mu telefone ku soko waliipakia mupaka Masisi kati, mupaka Rubaya kwa wachimbaji. Kanisani waliionesha ku shuka nyeupe, na dakika ya tatu watu wakalia hata wanaume. Siyo kulia ya ibada, kulia ya kweli, kamasi na yote. Wamama wenye sijui walikuja kumushika Mama mukono. Bwana Émile alinipigia telefone kutoka Goma, akaniuliza nilifanya nini na muntu mwenye hajawahi kuigiza mupaka akatoa uso ya namna ile. Nilimujibu kama ni uvumilivu. Nilisema ile neno, uvumilivu, na nikatabasamu peke yangu mu telefone. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Mama yeye hakufurahi. Tangu Kirolirwe aliacha korali, asema magoti. Alikuwa anaomba telefone yangu, anafungua klipu, anaipeleka mupaka dakika ya tatu, anaisimamisha pale, anaangalia. Mimi nilifikiri anajipenda kidogo, ni ya kawaida, nani hajipendi mu picha? Halafu juma iliyopita aliita baba mudogo na wazee wa ukoo, akawaambia wafanye kilio yako. Walimuuliza habari imetoka wapi. Akasema hakuna habari. Akasema maji ya Thierry alishaipa muntu mwingine, mbele ya watu wote, na kama Thierry angekuwa hai Mungu hangemuachilia mama yake afanye kosa ya namna ile. Kwa hiyo Thierry alikufa zamani, na ni yeye Mama njo alikuwa hataki kusikia. Alisema pole pole, bila machozi, sawa anaeleza bei ya chumvi. Hakuna mwenye alimubishia. Mimi nilikuwa pale, nawamiminia wazee chai.

Sasa nakuambia mara ya nane ilikuwa namna gani. Nilishasimama na kutembea mara tatu mbele ya hii mustari.

Niliingia jikoni kwenye Mama alikuwa anangojea. Nilimuambia asahau kamera, asahau korali. Nilimuambia kama Thierry iko anapanda mulima, sasa hivi, wa kweli, Thierry wake. Alinikatalia, akaniambia nisimuchezee. Nikamuambia nilisikia sauti yako na masikio yangu. Akaniuliza kama naweza kuapa. Niliapa ku kaburi ya Papa. Kaka, niliapa. Halafu nilitoka, nikaweka jicho ku kamera, nikapungia Trésor mukono ili apande.

Mama macho yake ya mbali ni mabaya, na jua ilikuwa mbele yake. Alikimbia. Kutoka mulango ya jikoni mupaka pale Trésor alisimama ni sekonde kumi na moja, nimezihesabu mara nyingi, na mu zile sekonde Mama alikuwa na wewe. Maji ilishatoka mu kinywa, kiganja ilishafika ku kifua, njo akaona ni mwalimu wa darasa la ine. Mu klipu nimekata mbele ya hapo. Lakini picha yote iko, niko nayo, hakuna mwenye nilimuonesha. Bwana Émile alitufundisha kama mwenye kuigiza hapaswi kuangalia kamera, juu akiangalia kamera anaangalia sisi, na hadithi inavunjika. Kisha sekonde kumi na moja Mama hakuangalia Trésor. Aligeuka, akaangalia kamera. Akaniangalia mimi. Sekonde ine nzima. Na mimi sikuzima, kaka. Mukono ulibakia pale pale, juu mwanga ilikuwa muzuri.

Mimi Mama Députée, mwenye alipiga kelele ku Goma juu ya viuno vya wabinti wa watu!

Na haiishie hapo. Ile jioni tukiwa tunashuka, aliniuliza swali moja tu. Kama ile ya kusikia sauti yako ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli! Ile audio yenye ulinitumia mwaka jana kwa telefone ya rafiki yako, niko nayo, naijua kichwani neno kwa neno. Lakini mu ile audio uliniapisha nisimuambie Mama kama uko hai, mupaka siku utapata uso ya kumuangalia. Kwa hiyo nilimujibu hapana. Nilimuambia nilitunga yote. Nililinda siri yako, na ile siku njo alianza kukuzika, juu alifikiri binti hawezi kumucheza mama yake na jina ya kaka mwenye angali hai.

Nilikuwa nakasirika na wewe pia, ujue. Nakasirika mupaka leo. Papa aliugua mu kambi, ulitumwa Goma kutafuta dawa, barabara ikafungwa, ukafika siku tatu kisha mazishi na ukageukia ku bariere, kwenye askari wanafunga njia, bila kutusalimia. Miaka ine! Unafikiri Mama anakuhesabia zile siku tatu. Hajawahi, hata mara moja. Kila mara watu wakiongea Papa, yeye anasemaka barabara ilifungwa, anasema vile vile, barabara ilifungwa, sawa yeye mwenyewe alikuwa ku bariere na wewe. Ungeuliza, ungejua. Na mimi ningekuambia mapema, singekuwa na siri ya kutumia.

Nilianza hii barua ili nikuombe ruhusa ya kuvunja kiapo yetu. Nimefika hapa na sikuombi tena. Mama iko inje, amekaa ku mukeka anachambua maharagi. Nikishaweka hii bahasha mu mukono ya Damien, nitakaa chini karibu yake, nitamufungulia sauti yako, kisha nitamuambia uwongo yangu yote. Baba mudogo atapima shamba lingine. Juu ya maji sijui nikuambie nini. Inawezekana Mama hana ingine ya kukupa, na kama hana, ni mimi njo niliimwanga, si wewe na si yeye. Lakini kuja. Kuja na nguo za udongo, kuja bila kitu mu mukono, kuja mbele ya ile siku ya Mungu. Usinifanye muongo mara ya pili mbele yake. Ukifika hautaona kamera, nimeipeleka kwa Papa Akilimali aiweke mu kabati ya korali na ufunguo akae nayo.

Salimia wale unachimba nao, na ule rafiki mwenye alikuazima telefone, umuambie asante yangu. Mungu akufungulie njia kutoka huko mupaka huku, na ukipita Masisi kati usipite usiku. Nakukumbatia na haya yangu yote.

Ni mimi dada yako mudogo,
Falone

Naongeza hapa chini, juu Damien amechelewa na mimi sikuweza kungojea. Nilishamufungulia Mama sauti yako, na nilishamuambia uwongo yangu yote. Aliisikiliza mara mbili, telefone imebanwa ku sikio. Hakupiga kelele, hakulia. Aliuliza tu ile kikohozi uko nayo tangu lini. Mimi nimesikiliza ile audio mwaka muzima na sikusikia kama unakohoa. Amesimama ameenda kutafuta asali kwa jirani, itafika kwako mu chupa ya Damien pamoja na hii. Anasema ukunywe kijiko moja asubui, moja jioni, na ingine utakuja kukunywia hapa. Mimi hajaniambia neno bado.